Mkeka Wako katika Nyumba ya Wageni

Sakina, mutoto wangu,

Kaa vizuri kwanza, maana unayemsoma ni fundi ambaye kutoka Lualaba mpaka Kabambare hajazaliwa mwenzake, na anayesema amezaliwa amlete hapa barazani tupime ukuta kwa kamba. Mungu aliutengeneza mto Lualaba vizuri, mimi simpingi. Lakini siku ile angeniita na kamba yangu, ningemwonyesha pale karibu na Kasongo palipopinda, tukapanyoosha kabla ya adhuhuri. Astaghafiru. Bibi yako akisikia maneno haya atanivulia kandambili, na mkono wake ungali na nguvu.

Shule nilisoma. Watu wanasema sikusoma, ni wivu. Nilimaliza msingi, nikaingia sekondari, na sekondari nikatoka kwa dirisha. Siyo maneno ya kusema tu, nilitoka kwa dirisha kweli, mwalimu wa hesabu akiwa mlangoni na fimbo yake. Nikiwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, nikaona fremu ya lile dirisha imeachia ukuta kidole kizima. Nikamwambia, "Mwalimu, ule fundi alikuibia!" Fimbo ikanipata kwenye kisigino. Tangu siku ile nikajua kazi yangu ni nini duniani.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala za kumsalimia shangazi yako kila asubuhi, wala za kujihadhari na vijana wa pikipiki wa Kabambare. Hayo mama yako amekwambia wiki nzima, masikio yako yamejaa. Mimi ninaandika kwa sababu ya neno ulilosema Ijumaa.

Tulikuwa uani baada ya sala, tunakula wali na samaki na sombe ya majani ya muhogo, na yule mfanyabiashara wa mpunga kutoka Wamaza, Papa Ramazani, amekaa na sisi kama kawaida yake. Akakuuliza, "Sakina, sasa unaenda kusomea ukunga kule Kabambare, ni masomo marefu. Likizo utakuja kutuona ao utatusahau?"

Wewe ukasema, bila hata kuinua macho kwenye sahani, "Nitakuja, Papa Ramazani. Kama iko chumba."

Tulicheka! Papa Ramazani alipaliwa na wali. Mimi nilicheka kuliko wote, nikapiga paja, nikasema, "Huyu ni mutoto wa nyumba ya wageni kweli, damu haipotei!" Mama yako alicheka kidogo. Bibi yako hakucheka. Aliendelea kuchambua miba ya samaki, akaiweka moja moja ukingoni mwa sahani.

Halafu jana akafika dereva wa pikipiki na salamu za shangazi yako: chumba chako kiko tayari, kina kitanda, kina dirisha la upande wa bustani, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Nilikuwa nyuma ya ukuta natengeneza bawaba. Nikasikia ukimwambia, "Sema tena." Akasema tena, kitanda, dirisha. Ukamwambia, "Hapana. Ile ya mlango."

Hapo bisibisi ikaniponyoka.

Basi kabla hujaondoka nataka uijue nyumba hii. Wewe unaijua kutoka chini, kutoka kwenye mkeka. Mimi nitakuonyesha kutoka kwenye msingi.

Aliyeianza ni babu yangu, Mzee Amisi. Watu wetu ni wa mji huu tangu zama za misafara ya biashara, waliotoka pwani wakachanganyika na waliokuwa hapa, mpaka leo ukiuliza nani ni nani katika ukoo huu utagombanisha watu. Babu alijenga sehemu ya mbele tu: baraza, vyumba viwili, na ukumbi, ile njia ya katikati inayotoka mlango wa barabarani mpaka uani. Udongo aliuchimba hapohapo nyuma, pale palipo migomba sasa, wanawake wakamletea maji, akakanyaga mwenyewe, akafyatua matofali akayakausha juani. Kuta zake ni nene kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Ndiyo maana chumba cha mbele kina baridi hata wakati wa jua kali, na mgeni akinisifu kwa baridi ile mimi napokea sifa, simtaji babu. Na mlango wa mbele aliuchonga yeye. Maua yake yamepanda upande mmoja kama yanakimbia mvua. Ningekuwa nimeyachonga mimi yangekaa sawa, lakini nayaacha, ni ya mzee.

Hakujenga nyumba ya wageni. Alijenga nyumba. Mgeni alikuja mwenyewe, mtu wa samaki wakavu, kutoka huko kwenye ziwa kupitia Kabambare kwa miguu, amebeba vikapu, mvua imemlowesha na homa inamtetemesha hata meno yanagongana. Alikaa barazani akaomba apumzike tu mpaka mvua ikatike. Babu akamwingiza, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, halafu akatandika mkeka ukumbini. Mkewe akasimama pale na taa. Haya niliyasikia utotoni kila walipogombana, kwa hiyo nayajua vizuri.

"Na sisi?" akauliza bibi yangu.

"Sisi tuko na ukumbi."

"Ukumbi ni njia ya watu, Amisi!"

"Basi wakipita watatusalimia."

Yule mtu wa samaki alipona, akaenda, akasema njiani kote kwamba Kasongo iko nyumba mutu hakatai mutu. Wakaanza kuja. Wa mafuta ya mawese, wa karanga, wa vitenge. Kila aliyekuja babu alimpa kitanda chake, na yeye mkekani, mpaka akawa na vitanda vya kutosha, na hata hapo, wageni wakizidi, aliyehama ni yeye.

Papa yangu ndiye aliyejenga upande wa pili wa ua na kuezeka mabati. Yalisafirishwa kwa baiskeli, wanaume wakizisukuma kwa miguu njia nzima, mabati yamekunjwa yakilia kama ngoma mbaya. Wewe hukumkuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, sijui mimi nilitoka kwa nani. Wakati wa vita waliingia watu wenye bunduki, hao hawakuuliza kama iko chumba. Walipoondoka walikuwa wamepikia milango yote kama kuni. Ulipona mmoja tu, ule wa babu, kwa sababu Bibi yako na papa yangu waliung'oa mapema wakaulaza uani, wakausiliba udongo juu kama sakafu. Wale watu waliukanyaga miezi, wakaota moto karibu nao. Ukiangalia vizuri kwenye ua la tatu la mchongo utaona udongo ungali umeng'ang'ania.

Kwa miaka mingi baadaye vyumba vyetu vilikuwa na vitenge badala ya milango. Wasafiri walipoanza kurudi, mmoja mmoja, wanaogopa hata kusalimia, papa yangu alikuwa anawapa chumba chake chenye kitanda kilichobaki. Yeye akalala ukumbini, kwenye upepo, na kikohozi chake. Alisema mgongo wake unapenda chini pagumu. Mimi nilikuwa kijana mwenye kichana mfukoni, nikaona aibu.

"Mzee, lala ndani. Watu wanakuona sawa mlinzi."

"Waache waone. Asubuhi watajua nani aliwalinda."

Nilimwona mjinga, Sakina. Nakwambia kama ilivyokuwa.

Halafu ikaja zamu yangu, na hapo ndipo nyumba ilipopata fundi! Nilikuwa nimeshamwoa mama yako, niliyemtoa Wamaza kwa ulimi wangu mtamu. Yeye husema alinionea huruma, tuliache. Nikaweka milango mipya. Nikaweka simenti sakafu nzima, imenyooka hata ukimwaga maji hayajui pa kwenda. Nikaweka pano ya umeme wa jua juu ya bati na taa kila chumba. Nikaandika jina kwenye ukuta wa barabarani kwa rangi nyekundu, Raha ya Msafiri, herufi kubwa hata mwenye pikipiki asiyetaka kulala anajikuta amesimama. Na vyumba nikavipa nambari, nikaanzia nne.

Hiyo ndiyo akili yangu niliyoipenda kuliko zote. Mgeni akiona nne, tano, sita, anasema nyumba hii ni kubwa. Akiuliza, "Na moja mpaka tatu ziko wapi?" namjibu bila kupepesa, "Hivyo ni vya familia. Nambari moja ni ya binti yangu mkubwa." Wanaheshimu sana. Mmoja alitaka mpaka kukuchumbia, kabla hajakuona ulivyo mdogo.

Ulikuwa umeanza kusoma nambari shuleni. Jioni moja mama yako alikukuta unazunguka nyumba, umeshika ukuta, unaangalia juu ya kila mlango. Ukapita nyuma ya jiko, ukapita ghala, ukapita choo. Akakuuliza unatafuta nini. Ukasema, "Chumba changu. Papa aliambia wageni ni nambari moja."

Hii hadithi nimewasimulia wageni mara nyingi mno. Nilikuwa naiigiza, nainama, napapasa ukuta, nafanya sauti yako. Huwa wanacheka sana. Wewe ulikuwa unapita na birika la maji ya kunawa, unawamiminia.

Nilikuahidi kweli. Usiseme sikuahidi. Kila nilipoweka msingi wa chumba kipya niliweka tofali la kwanza nikasema, "Hiki ni cha Sakina," na moyoni nilimaanisha. Cha saba ndicho kilichokaribia. Ulichagua rangi ya dirisha mwenyewe, kijani, nikakupaka na puani. Ukahamisha vitu vyako kwenye beseni: daftari, kandambili nyekundu, ile kanga aliyokupa Bibi. Ukavipanga ukutani. Jioni ileile ikasimama pikipiki, mutu wa Kindu, mchovu, ana mashine ya kusaga ya kuuza, nyumba imejaa. Nikasema, "Sakina, usiku mmoja tu." Ukarudisha vitu ndani ya beseni, ukaweka beseni kichwani, ukatoka. Hukulia. Nikajisifu mbele ya yule mutu: "Unaona mutoto nilivyomlea?" Alikaa mpaka mashine ikapata mnunuzi, na alipotoka kulikuwa na mwingine barazani.

Wadogo zako wamezoea kwa Bibi, wanalala watatu kama samaki kwenye kikapu, hawajui shida. Wewe ulikuwa mkubwa, ukawa unalala penye mgeni hakulala. Ghalani kati ya magunia ya mpunga. Barazani siku za joto. Chumba cha sita kama hakuna mutu. Na siku nyingi, ukumbini. Ulikuwa unajua sauti ya pikipiki inayopita na ile inayotaka kusimama. Kabla mutu hajapiga hodi, wewe umeshakunja mkeka, umesimama nao kwapani, macho yamefumba nusu, unangoja uambiwe uende wapi. Nilisema huyu ana kipaji. Nilisema nikizeeka nyumba itakuwa na mwenyewe.

Kule Kabambare pia pikipiki zitasimama nje. Usiamke, mutoto wangu. Hata wakipiga hodi. Hodi hiyo ni ya shangazi yako kuijibu. Funga mlango kwa ndani kama unavyotaka, na kama hujui mutu anafanya nini ndani ya chumba chake mwenyewe mchana, hata mimi sijui kukueleza vizuri, lakini nadhani unalala chali unaangalia dari mpaka unajua madoa yake yote, na kitu ulichokiacha juu ya kiti asubuhi unakikuta juu ya kiti. Usitandike kitanda haraka kana kwamba kuna anayekingoja. Waliokuzoea watakuambia umekuwa mvivu. Kuwa mvivu kidogo.

Sasa nikwambie ninakoandikia.

Leo baada ya chakula niliwaambia wewe na mama yako mlale chumbani kwangu, kwenye godoro langu la sponji, mimi nitakaa na pikipiki ya safari isije ikaibwa. Uongo. Pikipiki iko uani, imefungwa mnyororo, na mbwa wa jirani anamchukia kila anayeigusa. Niko ukumbini. Nimetandika mkeka wako pale unapotandika wewe, kichwa upande wa mlango wa babu. Nilitaka nijaribu tu. Nilidhani nitaandika barua ya kuchekesha kuhusu mbavu zangu.

Sakina, sakafu yangu haikunyooka. Nimeweka kikombe cha maji kando nikakigonga kwa kiwiko, na maji yakajua kabisa pa kwenda. Yamepita chini ya mgongo wangu yakaelekea mlangoni, moja kwa moja, kama mto ule niliotaka kuunyoosha. Kwa hiyo masika ile, uliposema mkeka umelowa na mimi nikasema umemwaga birika, hukumwaga birika. Mvua ilikuwa inapita chini ya mlango inakufuata. Na upepo nao unapita palepale, unashika shingo. Na taa ya uani niliyoifunga kwa maringo inapiga machoni kupitia ufa wa mlango wa nyuma. Fundi mkubwa wa Lualaba hakuwahi kuyajua haya. Yanajulikana ukilala tu.

Na watu wanapita. Babu alisema watasalimia.

Sasa hivi Papa Ramazani ametoka chumba cha nne anaenda uani kutawadha. Nilikuwa nimejifunika kanga yako mpaka kichwani, kwa ajili ya upepo. Alipofika kwangu akainua mguu, akanivuka, taratibu, kama mutu anayejua kipimo chake. Akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, Sakina."

Hakuangalia chini. Miguu yake imekuzoea.

Aliporudi akanivuka tena, akasema vilevile. Nilitaka kumtania, kumshika mguu, kumwambia ni mimi, tucheke. Badala yake nikaivuta kanga yako juu zaidi. Nikajiuliza wewe ulikuwa unamjibu nini.

Ukiamka utaikuta barua hii ndani ya begi, chini ya daftari, na ukinikuta naongea sana asubuhi, namtukana dereva, naikagua minyororo, namwonyesha namna ya kufunga mzigo ambayo anaijua kuliko mimi, niache. Nitasema njia ni mbaya mpaka Wamaza na baada ya Wamaza ni mbaya zaidi, kana kwamba ni mimi niliyeijenga. Mama yako atalia kwa niaba yetu wote. Mkeka wako hutaubeba, nimeona hukuufunga na vitu vyako. Ni vizuri. Utabaki hapa na mimi.

Usiku huu, nikiwa na maji mgongoni, nimetafuta kosa langu liko wapi, kama ninavyotafuta ukuta uliopinda: nashika pembe moja, nafuata kamba mpaka mwisho. Nilidhani ni sakafu. Nikadhani ni zile nambari, ule uongo wa chumba cha kwanza. Nikadhani ni kwamba nilijenga vyumba nikasahau kujenga kimoja zaidi. Hapana, mutoto wangu. Vyumba vilitosha. Nyumba hii tangu zamani ina kawaida yake ya kumpa mgeni kitanda, na mimi nimejisifu nayo kwa kila mutu aliyeshuka kwenye pikipiki. Lakini babu yangu alitoa kitanda chake. Papa yangu alitoa kitanda chake. Mimi nilitoa chako, kila mara chako, na godoro langu sikulitoa hata usiku mmoja mpaka huu, ambao hakuna mgeni mpya aliyekuja, ni wewe tu unayeondoka.

Papa yako,
ukumbini.